Tangi Linalozunguka

Kwa karibu miaka mia moja, adui mkubwa wa mpiga picha wa Afrika Mashariki alikuwa joto. Halafu mwaka 1972 kampuni ya Kodak, huko Rochester katika jimbo la New York, ikatoa filamu mpya ya rangi pamoja na utaratibu mpya wa kuisafisha ulioitwa C-41, na ghafla joto likawa sharti. Divelopa ya C-41 inataka nyuzi 37.8 za Selsiasi, wala si kwa kukadiria: unaruhusiwa kupotoka kama nyuzi 0.15 tu, juu au chini. Muda ni dakika tatu na sekunde kumi na tano. Hiyo 37.8 inaonekana nambari ya ajabu mpaka uigeuze kuwa Farenhaiti, ndipo unakuta ni 100 kamili. Nambari nzuri machoni pa Mmarekani, na mimi hapa Nairobi, miaka hamsini na ushee baadaye, nakesha nikiitafuta ndani ya beseni la plastiki.

Wasomaji waliozaliwa wakati simu tayari ni kamera itabidi wanivumilie kidogo. Mkanda wa filamu ukishapigwa hauonyeshi kitu. Picha imo, ila imelala. Inaamshwa na dawa, moja baada ya nyingine, gizani, na baada ya hapo ndipo mtu anaweza kuitazama. Kazi hiyo wengine huiita kusafisha picha, na wengi wetu huku tulizoea kusema kuosha picha, nami napenda kwamba Kiswahili kiliutazama utaratibu huu mzima wa kikemia kikaona kazi ya dobi. Maana mashine ninayotaka kuizungumzia ingemfurahisha dobi yeyote. Ni beseni la maji moto, na juu yake tangi la plastiki lililolala ubavu, likizungushwa na mota: mizunguko kadhaa huku, linasita, mizunguko kadhaa kule. Ndani ya tangi filamu imejiviringa kwenye rili, na chini kuna dawa kidogo sana. Maji ya besenini hutunza joto, mzunguko huhakikisha kila sehemu ya filamu inapita kwenye dawa. Basi. Hakuna siri nyingine. Na bado inaweza kuharibika kwa njia ambazo huzioni mpaka filamu yako iwe imeharibika pamoja nayo.

Turudi kwenye joto kwanza. Filamu ni plastiki iliyopakwa jelatini, na ndani ya jelatini mna chembe za chumvi ya fedha. Jelatini hutoka kwenye mifupa na ngozi za mifugo. Ni jamaa wa karibu wa ule utando unaoganda juu ya supu ya makongoro ikipoa. Kila mla supu anaujua utando huo: ukipata baridi unakaza, ukipata moto unaachia. Daktari Mwingereza, Richard Leach Maddox, ndiye aliyependekeza jelatini kwa kazi ya picha mwaka 1871, na kabla karne haijaisha ilikuwa imeenea dunia nzima. Kwao Uingereza maji ya bomba ni baridi karibu mwaka mzima. Unguja je? Mombasa je? A. C. Gomes, Mgoa aliyekuwa na studio Unguja katika karne ya 19, na wote waliomfuata hapo pwani, walifanya kazi mahali ambapo maji ya mtungini hayashuki kirahisi chini ya nyuzi 26, ilhali dawa nyingi zilitungwa kwa nyuzi 18 hadi 20. Ukizidisha joto, jelatini inavimba, inakunjamana, na mwisho inateleza kutoka kwenye kioo kama utando wa maziwa yaliyochemka.

Basi watu walitafuta njia. Kulikuwa na kufanya kazi usiku. Kulikuwa na barafu, kwa aliyeweza kuipata. Na kulikuwa na dawa zilizotungwa mahususi kwa nchi za joto: Kodak walikuwa na divelopa iliyoitwa DK-15, ambayo ndani yake walitia salfeti ya sodiamu ili jelatini isinywe maji mengi, na walikuwa na maji ya shabu ya kromiamu ya kuikaza kabla haijaingia kwenye fiksa. Shabu, ndiyo, jamaa ya ile ile shabu ya dukani ya kutuliza maji machafu. Nayasema haya kwa sababu kuna watu wanaozungumza kana kwamba chumba cha giza kilifika huku kikiwa kitu kamili kilichofungwa kwenye kreti. Kilibidi kirekebishwe tangu siku ya kwanza. Kurekebisha ndiyo historia yenyewe.

Jambo la pili ni mkono. Dawa iliyokwisha kugusa filamu huchoka, na kama haikuondolewa ikaja nyingine, picha inatoka madoamadoa. Zamani sahani za kioo ziliwekwa kwenye trei na mtu akawa anaitikisa trei taratibu chini ya taa nyekundu, huku akitazama picha ikijitokeza. Mwaka 1906 Wratten na Wainwright, kampuni ya Croydon karibu na London, wakaanza kuuza sahani zinazoona rangi zote, pamoja na nyekundu, na taa nyekundu ikawa haina kazi tena. Ikabidi giza totoro. Hapo ndipo tangi lenye kifuniko lilipopata umuhimu wake: unapakia filamu gizani, unafunga, halafu unaendelea na kazi yako mwangani, ukilipindua tangi mara kadhaa kila dakika kama mtu anayechanganya maziwa ya unga.

Mikono miwili haipindui sawa. Mmoja ana haraka, mwingine anapokea simu katikati. Kwenye picha za nyeusi na nyeupe tofauti hiyo inavumilika; picha inakuwa nzito kidogo au nyepesi kidogo, na kwenye karatasi unairekebisha. Filamu ya rangi haina huruma hiyo. Ina matabaka matatu yaliyopandana, kila moja na rangi yake, na matabaka hayo yote lazima yakomae pamoja. Joto likipungua nyuzi moja, tabaka moja linabaki nyuma, na unapata vivuli vya kijani na mashavu ya zambarau kwenye picha ile ile. Hakuna kichujio cha kurekebisha hilo, kwa sababu ukiponya vivuli unaumiza mashavu. Kasoro ya mkono inageuka kuwa rangi.

Huko ndiko tangi linalozunguka lilikotoka. Jina linalojulikana kuliko mengine ni Jobo, kampuni ya Gummersbach, Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1923 na Johannes Bockemühl. Jina limeokotwa kutoka silabi za mwanzo za majina yake mawili. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashine zake ziliingia kwenye vyumba vya chini vya nyumba za Wajerumani, halafu kwingine, na hesabu iliyoziuza ilikuwa rahisi. Tangi lao dogo, lile la mkanda mmoja wa milimita 35, likisimama na kupinduliwa kwa mkono linakula mililita 250 za dawa. Likilala na kuzunguka, mililita 140 zinatosha, kwa sababu filamu haihitaji kuzama. Inahitaji tu kupita kwenye dawa kila mara. Tangi la mikanda miwili linashuka kutoka 485 hadi 240. Karibu nusu. Mtu anayenunua dawa kwa mshahara wake mwenyewe anaielewa hesabu hiyo bila kuelezwa mara mbili.

Ila akiba hiyo ina bei yake, na bei hiyo ndiyo inayojaza kurasa zote za matatizo ya mashine hizi. Tangi lililojaa dawa linasamehe. Ukilisahau sekunde kumi, filamu bado imezama. Lenye mililita 140 halisamehi chochote: likisimama, sehemu ya filamu iko hewani, likiinama, upande mmoja hauna kitu.

Hapa Kenya mashine za namna hii hazikuwa nyingi, na sababu yake si umaskini peke yake. Studio zetu kubwa zilikuwa za nyeusi na nyeupe. N. V. Parekh wa Mombasa alijenga jina lake kwa taa na vivuli, na Bakor wa Lamu alikuwa akikata na kuunganisha picha ndani ya chumba chake cha giza, watu wakichipuka kutoka kwenye maua na vyombo, miaka mingi kabla ya kompyuta. Kazi hiyo yote ilifanyika kwa mkono, katika joto la kawaida la pwani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Noritsu ya Japani ikaleta duniani maabara ndogo inayokaa ndani ya duka na kutoa picha za rangi katika muda wa chini ya saa moja. Miaka ya 1980 zikaenea katika miji yetu. Mpiga picha wa studio aliyekuwa bwana wa dawa zake akawa mteja kwenye kaunta, anayepokea bahasha kama mteja mwingine yeyote. Wengi waliuza vifaa vyao, au walivigeuza kuwa vyombo vya nyumbani. Nimewahi kuona trei ya divelopa ikilishia kuku.

Kisha dijitali ikaja ikawaondoa hata wale wa kaunta. Kodak yenyewe iliomba ulinzi wa mufilisi Januari 2012. Leo ukitaka kuosha mkanda wa rangi Nairobi, unabembeleza watu wachache wenye kujali, au unaosha mwenyewe.

Mimi naosha mwenyewe, na sababu ni mkebe wa biskuti. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mpiga picha Nakuru: harusi, ubatizo, sikukuu, wanafunzi wa chuo waliotaka kupigwa wakiegemea magari ya watu. Alipofariki tulipata ndani ya mkebe huo mikanda mitatu iliyopigwa lakini haijaoshwa. Miwili ni ya C-41. Wa tatu ulikuwa mkanda mpana, wa picha kumi na mbili, Kodacolor-X, aina iliyouzwa kuanzia 1963 hadi 1974, na utaratibu wake ulikuwa C-22, uliotangulia C-41 na ambao dunia imeshauacha. Mama aliushika mkononi kwa muda. Nyanya yangu alifariki 1975, na picha yake pekee tuliyo nayo ni ile ya kitambulisho, iliyoliwa na unyevu kuanzia kidevuni. "Mjomba wako alimpiga mama," akasema. "Shambani. Alisema pesa zikipatikana ataipeleka." Hakuwahi kusema kama aliipeleka.

Niliwahi kusoma juu ya Priya Ramrakha, Mkenya aliyepigia picha magazeti makubwa ya Marekani na kuuawa Nigeria mwaka 1968 wakati wa vita vya Biafra, na jinsi jamaa zake walivyokuja kukuta hazina ya picha zake imekaa Nairobi miongo kadhaa. Picha za Ramrakha zilikuwa tayari zimeoshwa. Mkanda ambao haujaoshwa ni kitu kingine. Una nafasi moja tu. Ukiuingiza kwenye mashine yenye hitilafu, hakuna wa kumwomba pole.

Kwa hiyo mashine ilibidi ikaguliwe kwanza. Yangu niliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama nchi. Lebo yake ilibanduka zamani, na haidhuru, kwa maana mashine hizi zote ni ndugu na magonjwa yao ni yale yale.

Nilianza na meza, na ningemshauri mtu yeyote aanzie hapo kabla hajagusa waya. Chukua pimamaji ya mwashi, uilaze juu ya tangi lenyewe, si juu ya beseni. Fundi wangu wa nyumba huita kipande hicho "jicho la maji". Tangi likiinama kidogo tu, dawa inakimbilia upande mmoja, na rili iliyo upande wa juu inaosha nusu ya filamu. Dalili yake ni picha zinazofifia kuelekea ukingo mmoja kutoka mwanzo wa mkanda hadi mwisho. Watu wengi wanaona hivyo wanalaumu dawa, wanaimwaga, wananunua nyingine, na ukingo unafifia vile vile. Kipande cha kadibodi chini ya mguu mmoja wa mashine kinamaliza ugonjwa.

Kisha kipimajoto. Vitabu vinakuambia ukijaribu kwenye maji yanayochemka, yaani nyuzi 100. Ushauri mzuri ukiwa Hamburg, au Mombasa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na maji yetu huchemka karibu na nyuzi 94 au 95. Anayefuata kitabu hapa ataona kipimajoto chake kizima kikisoma 94, aamini kimepungukiwa na nyuzi sita, halafu akirekebishe kwa nguvu mpaka kiwe kibovu kweli. Tumia barafu badala yake. Barafu iliyopondwa ndani ya maji safi, ukoroge, ungoje: sifuri ni sifuri hata Nyahururu. Kwa upande wa juu, kipimajoto cha homa cha duka la dawa kinasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kimetengenezwa kuwa sahihi hapo hapo tunapopataka, kati ya 35 na 42. Mwili wa binadamu na C-41 vinaishi mtaa mmoja.

Jaribio lenyewe la joto ni hili. Jaza beseni, washa, ngoja mpaka taa ya hita iwe inazima na kuwaka kwa utulivu, si kuwaka tu. Weka maji ya kawaida kwenye chupa ya divelopa iliyosimama besenini, yafikie joto. Yamimine ndani ya tangi tupu, zungusha dakika tatu na robo, yatoe, upime yaliyotoka. Yale ya kutoka, nasisitiza. Besenini mwangu kulikuwa na 38 kamili, na maji yaliyotoka tangini yalikuwa 35.9. Nyuzi mbili nzima zimeenda wapi? Zimeenda hewani. Nusu ya chini ya tangi iko kwenye maji ya moto na nusu ya juu iko Nairobi, mwezi wa Julai, usiku, ndani ya chumba chenye nyuzi 15. Mashine iliyobuniwa kwa ajili ya nyumba yenye hita za ukutani haikutegemea Julai yetu. Kuna tiba tatu na nilizitumia zote: kulizungusha tangi lenye filamu kwa dakika tano kabla ya dawa kuingia, ili plastiki yenyewe ipate moto, kupandisha beseni kidogo mpaka kile kinachotoka kiwe 37.8, bila kujali beseni linasoma ngapi. Na kufunika mashine yote kwa kipande cha godoro. Mfuniko wa godoro unaonekana wa kishamba, lakini ndio uliosaidia zaidi.

Halafu kuna pampu ndogo inayozungusha maji ya beseni. Ikiziba, upande wenye hita unachemka na upande wenye chupa unapoa, na kipimajoto kinategemea kiko wapi. Maji ya Nairobi yanayotoka Ndakaini ni laini, hayaachi chokaa nyingi, lakini ya kisima cha plotini yana chumvi, na maji yanayolala besenini wiki nzima yanaota ute wa kijani. Siki nyeupe vuguvugu, saa moja, halafu suuza. Hakuna fundi anayehitajika.

Fundi alihitajika kwenye mzunguko. Mashine nzima inategemea ule usitaji na kugeuka: huku, kisha kule. Ikiacha kugeuka, ikawa inazunguka upande mmoja tu, dawa inajitengenezea njia ya kudumu ndani ya tangi, kama maji ya mvua kwenye njia ya mteremko, na filamu inatoka na michirizi inayoanzia kwenye matundu ya pembeni. Yangu ilikuwa inageuka, lakini baada ya kama dakika nne ikawa inakwaruza na kuruka. Bandika utepe mweupe kwenye tangi uhesabu mizunguko kwa saa ya mkononi, na ufanye hivyo tangi likiwa na maji, maana tangi tupu hudanganya. Kila mota inaonekana nzima ikiwa haina mzigo.

Niliipeleka kwa kijana mmoja Luthuli Avenue anayetengeneza redio na vikuza sauti vya makanisa. Aliifungua, akaigonga gonga kwa bisibisi, akaniuliza inatengeneza nini. Nikamwambia. Akacheka kidogo, kwa heshima. "Madam, hii kitu haina shida ya stima," akasema. "Mota ni poa. Hapa gia imekula." Kweli, gia ya plastiki iliyoshika mkono wa tangi ilikuwa na meno matatu yaliyoisha kabisa. Vipuri vya mashine hizi hutafutwa Ulaya kama dawa za wagonjwa mahututi, na bei zake ni hivyo hivyo. Yeye akanituma Kirinyaga Road, kwa mzee wa kukereza vyuma, ambaye aliipima gia kwa kucha na kaliba, akachukua kipande cha nailoni nyeupe, na baada ya chakula cha mchana nikawa na gia mpya yenye meno 28. Hakuuliza inatengeneza nini. Alitaka tu kujua kama italowa maji.

Ikumbukwe pia umeme. Stima yetu ni volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani inataka 120 na 60. Transfoma itakurekebishia volti, lakini haitagusa ile 60, na kama mota ni ya aina inayofuata mapigo ya umeme, itazunguka polepole maisha yake yote hapa, bila kuonyesha dalili nyingine ya ugonjwa. Ndiyo maana nasema hesabu mizunguko.

Mwisho ni uvujaji, ambao ni mwizi mtaratibu. Raba za tangi zikikauka, maji ya beseni yanaingia na dawa inatoka. Pima mililita 240 za maji, zungusha dakika kumi, mimina upime tena. Zikitoka 250, umeongezewa. Na ile mashine ya mkono wa kuinua tangi na kumwaga dawa kwa mpira, inapendeza sana kutazama, ila shingoni mwake hubaki matone ya dawa iliyopita. Matone machache ya blichi-fiksi yakiingia kwenye divelopa ya rangi yanatosha kuiua. Suuza shingo kila zamu, hata kama maji ni ya kununua kwa mkokoteni.

Mkanda wa nyanya haukuhitaji joto hata kidogo. C-22 ilifanya kazi kwenye nyuzi 24, na jelatini ya zamani ile ikiingizwa kwenye 38 inaweza kuachia kama filamu za pwani za karne ya 19. Tena rangi zake zilishakufa. Wanaoshughulika na mikanda ya namna hii huiosha kama nyeusi na nyeupe, waokoe fedha iliyobaki. Kwa hiyo nilizima hita. Nilitumia HC-110, divelopa ambayo haichochei sana ukungu wa filamu zilizozeeka, kwenye nyuzi 20, ambazo usiku ule wa Nairobi zilikuwa karibu kutoka bombani moja kwa moja. Dakika tano za maji kwanza. Maji yalitoka ya kijani kizito. Kisha dawa, na gia ya nailoni ikizunguka huku, ikisita, ikizunguka kule, bila kukwaruza. Tuliokolewa pia na Nakuru: mji wa mita 1,850, baridi. Mkebe ule ungekaa Mombasa miaka hiyo yote, nadhani tusingepata hata kivuli.

Picha kumi na mbili. Saba ni ukungu mtupu juu ya rangi ya chungwa ambayo filamu za aina hii hubaki nayo. Tatu ni za gari na wanaume watatu wasiojulikana. Mbili za mwisho ni mwanamke amesimama mbele ya mahindi yaliyompita kimo, ameweka kiganja juu ya macho kuzuia jua, kwa hiyo nusu ya uso imo kivulini. Niliitia kwenye skana, nikaigeuza, nikampelekea Mama simu yake. Alikaa nayo muda mrefu. Akaipanua kwa vidole, akaenda kwenye miguu, si kwenye uso.

"Ni yeye," akasema. "Tazama alivyosimama, mguu mmoja mbele. Hata msalani alikuwa anapanga foleni hivyo." Akacheka, halafu akanyamaza. Kwenye picha ya pili kuna mtoto wa kama miaka mitatu ameshika leso ya nyanya kwa nyuma, anachungulia. Mama aliuliza ni nani. Amewapigia simu dada zake wawili na binamu mmoja aliyeko Eldoret. Kila mmoja ana jina lake la kumpa mtoto yule, na hakuna mawili yanayofanana.

Mikanda miwili ya C-41 iko kwenye friji, ndani ya mfuko usiopitisha hewa. Wiki iliyopita beseni lilishikilia 37.8 kwa dakika arobaini chini ya godoro, mara mbili mfululizo. Nataka mara ya tatu kabla ya kuifungua.